Utepe wa njano, utepe wa kijani, na sato waliokufa

"Habari za kazi, mtaalamu. Sisi ni wakulima wa nyanya Mlali, Morogoro. Mume wangu hupulizia mwenyewe kwa bomba la mgongoni la lita 15. Kwa kantangaze, wale viwavi watoboao nyanya, huchanganya dawa mbili, moja ya profenofosi na nyingine ya lambda-sihalotrini, zote zina utepe wa njano. Ya ukungu ni unga wa mankozebu wenye utepe wa kijani. Jumamosi iliyopita alirudi kichwa kinamuuma, jasho na mate vinamtoka, kifua kimebana, akatapika mara mbili. Alikunywa maziwa lita nzima akalala. Asubuhi aliamka mzima, na jana amepulizia tena. Jirani yetu ameona kwenye karatasi ya dawa kwamba LD50 ya panya ni 358 mg/kg, akazidisha na uzito wa mume wangu, akasema dawa iliyomvujia mgongoni haiwezi kumdhuru. Anasema pia utepe wa kijani maana yake si sumu, na tukitaka usalama kabisa tuchemshe majani ya tumbaku. Jumatatu niliosha bomba kwenye mfereji, kesho yake sato wote wa kibwawa chetu walikuwa wanaelea. Dawa ni zile zile, mume wangu yuko hai, samaki wamekufa. Sumu kali maana yake nini hasa? Na wale samaki wanalika?"

Dada yangu, naanza na mume wako, maana yeye hawezi kusubiri nimalize maelezo. Jasho, mate, kifua kubana na kutapika, vikitokea saa chache baada ya kupulizia profenofosi, ni dalili za sumu ya kundi la dawa linaloitwa oganofosfati. Asipulizie tena. Leo au kesho aende kituo cha afya, na apige picha lebo za dawa zote alizotumia. Amwambie daktari waziwazi: nilipulizia hizi, siku hii, nikaanza kuumwa saa hii. Bila maneno hayo ni rahisi sana kuandikiwa dawa ya malaria, kwa sababu kuumwa kichwa, kutoka jasho na kutapika ndivyo malaria inavyobisha hodi. Nimekutana na wakulima waliokuwa wakitibiwa malaria kila msimu wa nyanya, na msimu ukiisha na malaria inaisha.

Kilichompata ni hiki. Neva hupeleka ujumbe kwenye misuli na tezi kwa kumwaga kemikali iitwayo asetilikolini. Ujumbe ukishafika, kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi huifuta kemikali hiyo papo hapo, ili msuli utulie ungoje ujumbe mwingine. Oganofosfati hukikamata kimeng'enya hicho na kukifunga. Sasa ujumbe haufutiki. Tezi zinaendelea kumwaga mate, machozi na jasho. Mboni za macho zinasinyaa kama tundu la sindano. Mirija ya mapafu inabana na kujaa ute. Misuli inachezacheza, kisha inachoka. Anayekufa kwa sumu hii hufa kwa kushindwa kupumua.

Mwili hutengeneza kimeng'enya kipya, ila polepole. Kile kilichomo kwenye chembe nyekundu za damu huchukua wiki nyingi, pengine miezi, kurudi kiwango chake. Kwa hiyo mume wako alipoamka asubuhi akiwa mzima, maana yake ni kwamba kimeng'enya kilichobaki kinatosha kumsimamisha, basi. Pengo bado lipo, na jana amepulizia juu ya pengo hilo. Safari nyingine, dawa kidogo kuliko ya Jumamosi inaweza kumlaza kitandani. Hospitali kubwa zinaweza kupima kolinesterasi kwenye damu; akipata nafasi ya kupimwa, akubali.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Siku moja hadi nne baada ya kuumwa namna hii, mtu aliyeonekana amepona anaweza kuanza kulegea shingo, akashindwa kuinua kichwa kwenye mto, na pumzi ikaanza kuwa fupi. Ukiona hilo, usingoje kuche. Ni hospitali usiku huo huo, na hospitali yenyewe iwe inayoweza kumsaidia mtu kupumua.

Maziwa hayakumponya. Najua imani hii ina mizizi, nami nililelewa nayo, lakini maziwa hayafungui kimeng'enya kilichofungwa, na dawa iliyoingia kupitia ngozi haiko tumboni ili maziwa yaikute. Kwa mtu aliyemeza dawa, kumnywesha au kumtapisha kwa nguvu kunaweza kuongeza madhara, kwa sababu dawa nyingi za maji zimeyeyushwa kwenye mafuta ya aina ya petroli, na tone linaloingia kwenye mapafu wakati wa kutapika huyaunguza. Kinachosaidia nyumbani ni kumtoa eneo la dawa, kumvua nguo zote, kumwosha kwa sabuni na maji mengi hadi nywele na kucha, kumlaza ubavu akitapika, na kumwahisha hospitali. Wewe unayemwosha vaa glavu, au angalau mifuko ya plastiki mikononi. Hospitali wana atropini, ambayo ndiyo dawa inayozuia sehemu kubwa ya vurugu niliyoieleza.

Sasa nije kwenye swali lenyewe. Kiswahili chetu kinatuchanganya hapa, kwa sababu neno "kali" tunalitumia kwa mambo mawili. Pilipili ni kali, mbwa ni mkali, maana yake ina nguvu au inauma. Lakini mganga akisema ugonjwa mkali na ugonjwa sugu, anazungumzia mwendo wa ugonjwa: mkali huja ghafla, sugu hukaa. Kwenye usalama wa kemikali, "sumu kali" ya lebo ni ile ya maana ya pili. Napenda kuiita sumu ya papo hapo. Ni madhara yanayotokana na dozi moja, au dozi kadhaa ndani ya saa 24, iliyomezwa au kupita kwenye ngozi. Kwa hewa iliyovutwa, maabara hutumia saa 4. Wanyama waliopewa dozi hiyo huangaliwa kwa siku 14. Kisichotokea ndani ya siku hizo hakimo kwenye kipimo.

Mfano mzuri wa tofauti hiyo uko kwenye mahindi. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya jirani nchini Kenya, watu walikula mahindi yaliyoota kuvu wa aflatoksini. Waliougua na kuandikishwa walikuwa 317, wakafa 125, ini likishindwa kazi. Hiyo ni sumu ya papo hapo. Aflatoksini ile ile, ikiliwa kidogokidogo kwa miaka, haimlazi mtu kitandani hata siku moja, ila humwongezea hatari ya saratani ya ini. Kitu kimoja, madhara mawili, na kipimo cha siku 14 kinaona moja tu. Na hakuna aliyeileta aflatoksini ile ndani ya chupa. Ilijiotea ghalani, kwa hiyo "ya asili" si kinyume cha "sumu".

LD50 aliyoisoma jirani yenu ilianzishwa mwaka 1927 na Mwingereza J. W. Trevan. Wakati ule dawa za hospitali kama ile ya moyo itokanayo na mmea uitwao dijitalisi zilitofautiana nguvu kutoka chupa hadi chupa, naye alitaka njia ya kuzilinganisha. Akaona kwamba kutafuta dozi inayoua mnyama wa kwanza kunayumba sana, na dozi inayoua wote kunayumba vilevile, ila dozi inayoua nusu ya kundi inatulia. Basi 358 mg/kg maana yake ni kwamba panya waliolishwa miligramu 358 kwa kila kilo ya mwili, nusu yao walikufa. Namba ikiwa ndogo, sumu ina nguvu zaidi. Ni rula ya kulinganisha kemikali na kemikali. Haikutengenezwa kumwambia mkulima mahali pa kusimama.

Hesabu ya jirani haisimami, na naomba umwambie kwa upole, kwa sababu mtu mwingine atakuja kuifuata. Kwanza, kwenye dozi hiyo nusu walikufa. Waliokufa kwa dozi ndogo kuliko hiyo wapo, na waliougua sana bila kufa hawahesabiki kabisa. Mume wako aliugua akiwa mbali na namba ile. Pili, panya si mtu. Parakwati, dawa ya magugu, kwa kipimo cha panya iko kundi moja na dawa zenu za njano, lakini kwa binadamu huharibu mapafu na haina dawa ya kuiondolea makali. Umoja wa Ulaya haujairuhusu tangu 2007. Tatu, namba ni ya kiambato kimoja kilicholishwa peke yake, ilhali ninyi mnachanganya dawa mbili, na oganofosfati zinajulikana kwa kuzuia vimeng'enya ambavyo mwili huvitumia kuvunja dawa za jamii ya lambda-sihalotrini. Wauzaji husifu mchanganyiko huu kwa sababu hiyo hiyo: mdudu anashindwa kujitetea. Nne, dozi huhesabiwa kwa kilo. Kiasi kile kile kikimwangukia mtoto wa kilo 12 badala ya mtu wa kilo 70, kwake ni karibu mara sita.

Halafu kuna ngozi, na hapa ndipo ninapowaona wapuliziaji wengi wakidanganyika. Sumu ya shambani huingia zaidi kupitia ngozi kuliko pua, ndiyo maana kitambaa puani na miguu peku haviendani. Ngozi yenyewe si moja mwili mzima. Ya kiganja ni nene, ya kinena na korodani hupitisha dawa kwa wingi mara nyingi zaidi ya ile ya mkono wa mbele, na bomba linalovuja humwagika mgongoni, likashuka kiunoni, likalowesha suruali kwenye sehemu hizo hizo. Amekaa na suruali ile mbichi saa ngapi? Hilo ndilo ningemuuliza kwanza angekuwa mbele yangu. Na hatari kubwa ya siku nzima iko kwenye dakika mbili za kupima dawa kabla haijaingia kwenye maji. Tone la chupani lina nguvu mara mamia ya tone la bombani, na wengi hupima kwa kifuniko, mikono mitupu.

Rangi za utepe zinatokana na jedwali la Shirika la Afya Duniani. Nyekundu ni kwa LD50 ya kumeza isiyozidi miligramu 50 kwa kilo, njano kutoka hapo hadi 2000, bluu juu ya 2000, kijani kuanzia 5000. Angalia njano ilivyo pana: dawa yenye 60 na yenye 1900 huvaa utepe mmoja. Kwa maoni yangu upana huo umewagharimu wakulima wetu, kwa sababu macho ya watu yamezoea kwamba nyekundu ni ya kuogopa na njano ni ya kawaida. Alama za fuvu na mshangao mnazoziona kwenye kemikali nyingine ni za mfumo wa Umoja wa Mataifa uliotolewa 2003, nao hugawa ngazi kwa mipaka tofauti kidogo. Fuvu huishia kwenye 300.

Kijani, basi. Mankozebu ina LD50 zaidi ya 5000, kwa hiyo utepe wake ni wa haki kabisa. Ukimwagikiwa leo hutaanguka. Lakini mankozebu ikivunjika hutoa kitu kiitwacho ethilinithiourea ambacho husumbua tezi ya shingo, na mwaka 2020 Umoja wa Ulaya ulikataa kuiongezea kibali kwa sababu ya madhara yake kwenye uzazi na homoni. Madhara hayo hayaonekani ndani ya siku 14, kwa hiyo hayana rangi kwenye utepe. Utepe wa kijani umejibu swali moja tu, la kumeza kwa mara moja, nao umejibu kweli. Maswali mengine haukuulizwa. Kama una mimba au unatarajia, usiwe wewe wa kuchanganya unga ule, wala wa kufua zile nguo kwa mikono.

Kuhusu tumbaku, tafadhali msijaribu. Najua inaonekana salama kwa kuwa watu wanaivuta. Kilicho ndani yake, nikotini, kiko kwenye jedwali lile lile la Shirika la Afya Duniani, na ingeuzwa kwenye chupa ingevaa utepe mwekundu. Hupita kwenye ngozi; wavunaji wa tumbaku huugua kwa kushika majani yaliyolowa umande. Na sufuria ya kuchemshia haina lebo, hamjui nguvu ya mliyoyapika leo wala ya kesho. Mngekuwa mmetoka kwenye njano mkaingia kwenye nyekundu bila kujua.

Sasa samaki wako, na pole sana. Umeuliza jambo ambalo wanafunzi wangu huchukua muda kulifikia: inakuwaje dawa ile ile imwache mtu na iue bwawa zima? Jibu ni kwamba sumu ya papo hapo haina namba moja. Kila kiumbe kina yake. Kwa samaki hatupimi miligramu kwa kilo, tunapima kiasi kilichomo kwenye maji kinachoua nusu ya samaki ndani ya saa 96. Mshukiwa wangu wa kwanza ni lambda-sihalotrini. Panya wa maabara huhitaji takriban miligramu 56 kwa kilo. Samaki aina ya trauti nusu yao hufa maji yakiwa na mikrogramu 0.24 tu kwa lita. Mikrogramu ni sehemu ya milioni ya gramu.

Tuliweke kwenye kibwawa. Tuseme ni cha mita 10 kwa 10, kina cha mita moja, yaani lita 100,000. Kufikia kiwango hicho zinatosha miligramu 24 za kiambato. Kama chupa yenu ina gramu 50 kwa lita, hiyo ni nusu mililita ya dawa ya chupani, yaani matone kumi hivi. Sato ni mgumu kuliko trauti. Hata tukimpa ugumu mara kumi, ni kijiko kimoja cha chai. Masalio ya chini ya bomba, valvu na mpira wa kupulizia, pamoja na chupa iliyosuuzwa, yanafika hapo bila shida. Mwili wetu huvunja kemikali za jamii hii haraka kwenye ini. Samaki huzivunja polepole, na matamvua yake anayopumulia yanapitiwa na maji mchana kutwa, yakizoa kila chenye asili ya mafuta kilichomo. Profenofosi nayo ni sumu kwa samaki, kwa hiyo haikukaa kando. Nyuki wako kwenye hali hiyo hiyo, ndiyo maana kupulizia nyanya zikiwa na maua asubuhi wanapozunguka ni kuwaangamiza wanaowazalishia.

Wale samaki msile, msiuze, wala msiwape mbwa au kuku. Wafukieni mbali na mfereji na kisima. Na kama jirani wa chini anatumia maji ya mfereji ule kwa kunywesha mifugo au kwa bwawa la samaki, mwambieni leo. Najua ni vigumu, lakini akigundua mwenyewe itakuwa vigumu zaidi.

Mtaendeleaje na kilimo? Sitakuambia mwache dawa zote, maana kantangaze akipewa shamba la wazi bila kizuizi hamvuni kitu. Mitego yenye harufu ya nondo jike wa kantangaze ni mizuri kwa kujua wadudu wameanza kuingia lini, lakini kwenye shamba la wazi peke yake haitoshi. Kinachowezekana ni kupulizia kwa kuhesabu wadudu walionaswa mitegoni badala ya kwa kalenda, kung'oa na kufukia majani na matunda yaliyotobolewa, na kutumia dawa za bakteria wa Basilasi kwenye viwavi wachanga, ambazo ni afadhali kubwa kwa mtu na kwa samaki japo zinataka kurudiwa na haziokoi shamba lililokwisha kuliwa. Oganofosfati ningeitoa kabisa kwenye shamba lenu msimu huu, kwa sababu mwenye kuipulizia tayari ana pengo kwenye damu. Afisa ugani wenu, au ofisi ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, anaweza kuwaambia ni ipi iliyosajiliwa kwa kantangaze isiyo ya kundi hilo. Mwulizeni kwa kundi, msiulize kwa jina la chupa, kwa sababu majina ni mengi na kiambato mara nyingi ni kimoja.

Bomba linalovuja litengenezwe kabla ya chochote. Glavu ziwe za mpira mzito wa nitrili, zile nyembamba za hospitali hupitisha dawa. Suruali ivaliwe nje ya buti, isiingizwe ndani, vinginevyo buti linageuka bakuli. Suti ya plastiki kwenye jua la saa sita haivaliki, nami simlaumu anayeivua. Apulizie alfajiri, nguo ndefu za pamba na kipande cha plastiki mgongoni chini ya bomba. Akimaliza aoge kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kumshika mtoto. Dawa zikae kwenye sanduku lenye kufuli nje ya nyumba ya kulala, kwenye chupa zake, kamwe zisihamishiwe kwenye chupa ya soda. Na kama nyumbani au kwa jirani kuna mtu aliyelemewa na mawazo, ufunguo huo awe nao mtu mwingine mnayemwamini, na huyo aliyelemewa apelekwe kuongea na mhudumu wa afya.

Maji ya kuoshea bomba yarudisheni shambani, yapuliziwe kwenye mistari ile ile ya nyanya, mbali na mfereji. Kibwawa kikausheni msimu wa jua, tope la juu mlitoe, kwa sababu kemikali hii hung'ang'ania kwenye tope. Mkijaza maji upya msikimbilie kununua vifaranga mia tano. Wekeni kumi ndani ya kikapu cha wavu, mkawaangalie kwa siku nne, yaani saa zile zile 96 za maabara. Akifa mmoja tu bila sababu nyingine, ngojeni, badilisheni maji, mjaribu tena.